Pumzi Kwanza: Maneno ya Kamati katika Mkutano wa Mwaka

Waheshimiwa wazee wetu, na ninyi wanachama wenzetu,

Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha za maziko. Kwa uchungu twakiri kwamba mmoja wa tuliowazika, kijana aliyeopolewa ziwani, huenda angalipona. Tulimning'iniza kichwa chini, tukamkamua tumbo ili maji yatoke, na dakika zikapita. Hatukukosa huruma, tulikosa elimu.

Basi sikilizeni tuliyojifunza baadaye. Aliyezama hauawi na maji ya tumboni, bali na kukosa pumzi. Na ubongo hauvumilii kukosa hewa ila dakika chache tu. Mlazeni chali mahali pagumu. Ikiwa haitiki wala hapumui sawasawa, mwinueni kidevu, mzibeni pua, mmpulizie kinywani mara 5, kifua kikiinuka kila mara. Kisha wekeni viganja, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mkandamize mara 30. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Halafu pumzi 2, tena 30. Mmoja akichoka, mwingine ampokee. Wa tatu akaite gari. Msiache mpaka apumue au tabibu afike.

Twaomba kila tawi lichague watu wawili wakafundishwe kazi hii. Chama kinachozika watu wake kwa heshima hakina budi kujifunza pia kuwaokoa.