Siku Moja Kilwa Kisiwani



Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kula na kupumzika, ya tatu wakamkabidhi jembe. Mgeni wa meli ya matembezi haifikii hata hiyo ya pili. Meli yake hutia nanga asubuhi katika bandari ya Kilwa, abiria hushushwa kwa mashua, na kabla ya magharibi wote hutakiwa wawe wamekwisha kurudi. Kwa hiyo la kujiuliza si mgeni huyu aone mangapi, bali aondoke ameelewa nini.

Enzi za biashara ya dhahabu ya Sofala mambo yalikuwa kinyume. Nahodha aliyeteremka na kaskazi hakuwa na budi kungoja kusi limrudishe Arabuni, na katika miezi hiyo alikaa na wenyeji, akauza, akanunua, pengine akaoa. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyopata kuiona. Anayekuja leo ana saa sita au saba tu, na jua la mchana litamnyang'anya mbili.

Kosa huanzia ufukweni. Jengo la kwanza kumlaki mgeni ni Gereza, ngome iliyo kando ya maji. Picha hupigwa, maelezo marefu hutolewa juu ya Wareno waliouvamia mji mwaka 1505 wakajenga ngome yao, na saa nzima huishia hapo. Mgeni hubaki akidhani kwamba historia ya Kilwa ilianza siku Ulaya ilipofika. Ilhali Wareno hao waliondoka mwaka 1512, na sehemu kubwa ya Gereza linaloonekana sasa ni kazi ya Waomani wa kama mwaka 1800. Katika magofu ya kisiwa hicho, hilo ni miongoni mwa yaliyo machanga.

Afadhali lipitwe asubuhi, liachwe liwe la mwisho. Msafara uelekee moja kwa moja Msikiti Mkuu, nao uingie kwanza katika ukumbi mdogo wa kaskazini, ambao ndio wa kale zaidi, wa karne ya 11 na 12. Mgeni asimame humo kitambo, auone udogo wake. Ndipo apelekwe katika upanuzi wa kusini, ulioanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14 na kujengwa upya baadaye, wenye kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Hatua chache kati ya kumbi hizo mbili zaeleza dhahabu ilivyoutajirisha mji kuliko hotuba ya nusu saa.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani huyo huyo, liko mashariki, juu ya genge. Lina vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Maji yakiwa yamejaa, mashua huwasogeza wageni hadi chini ya genge. Yakiwa yamekupwa, watembee mapema kabla jua halijakaza. Waambiwe pia kwamba kasri hilo halikukamilishwa kamwe. Songo Mnara nayo iachwe kwa siku nyingine: kushuka huko aghalabu ni kuvuka mikoko kwa miguu, na siku moja haitoshi visiwa viwili.

Saa za jua kali ni za kukaa na wenyeji. Kisiwani si magofu matupu. Pana nyumba, mashamba na wavuvi. Mgeni aletwaye na mashua ya meli, akala chakula kilichofungwa melini, humwachia mwanakijiji nini zaidi ya nyayo? Wali wa nazi na samaki waliopikwa na akina mama wa kisiwa, chini ya mwembe, humpumzisha mgeni na kuacha fedha mahali panapostahili. Kamera ingoje ruhusa ya mwenye sura.

Jioni ndipo Gereza lipate zamu yake, na hapo pana jambo ambalo waongozaji wengine hulikwepa wasije wakamharibia mgeni matembezi yake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mkataba una pande mbili, aliyenunua na aliyeuza, na zote mbili zitajwe. Mgeni aliyestaajabia kuba asubuhi anaweza kulistahimili neno hilo alasiri; akifichwa, atalisoma kwingine na kujua kwamba alidanganywa.

Mashua ya mwisho isingoje honi ya meli. Ufuko huo maji yakipwa hubaki mbali, na wengi wa abiria hao ni wazee wenye fimbo mkononi. Kupwa na kujaa kwa siku hiyo kuulizwe kwa wavuvi tangu jana yake.