KUTEGUA MITEGO: VIFAA NA MBINU ZA KUVURUGA MAWINDO HARAMU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka, Makutupora)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya uhifadhi wa wanyamapori, na hasa namna ya kuvuruga mawindo haramu. Ombi hilo lina sababu. Kutoka hapa Makutupora, ukifuata barabara ya Arusha, unafika Kondoa, na upande huo liko Pori la Akiba la Swagaswaga. Ukienda kusini kupitia Mtera unaielekea Ruaha. Mitego si habari ya mbali kwetu.

Nianze na wenzetu wa Uingereza. Huko matajiri waliwinda mbweha kwa farasi na makundi ya mbwa. Mwaka 1963 wakazuka watu wa kuyavuruga mawindo hayo. Silaha yao ilikuwa kumchanganya mbwa: walipiga baragumu kama la mwindaji, walipaza sauti za kuwaita mbwa upande usio na mbweha, na walinyunyizia mafuta ya mchaichai ili harufu ya mnyama ipotee. Haikuwa michezo. Vijana wawili walipoteza maisha katika shughuli hizo, mmoja mwaka 1991 na mwingine mwaka 1993. Sheria ya kupiga marufuku uwindaji huo kwa mbwa ilipitishwa mwaka 2004, na ikaanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 2005.

Sisi hatuwezi kuziiga mbinu hizo. Mwindaji wetu haramu mara nyingi hayupo porini wakati mnyama anapokufa. Yuko nyumbani amelala, na waya unamwindia. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Waya uliotegewa swala humkamata pia simba, fisi, twiga mchanga, na mkonga wa tembo. Hauchagui jike mwenye mimba. Na aliyeutega akiugua au akihama, waya unaendelea kukamata na nyama inaozea pale pale.

Basi kuvuruga mawindo kwetu ni kutegua mitego. Vifaa vyake ni vya kawaida: koleo la kukatia waya, glavu nene, viatu vigumu, gunia, maji ya kutosha, redio ya mawasiliano, daftari, na kifaa cha GPS cha kuandikia mahali. Kila kikosi kina askari wenye silaha, kwa sababu majangili nao wanazo. Januari 2016 rubani Roger Gower alipigwa risasi na majangili akiwa ndani ya helikopta katika Pori la Maswa, akafa.

Mbinu ni hizi. Kwanza, kikosi hutembea kwa mstari, kila mtu akimwona mwenzake, ili pasibaki kichaka kisichokaguliwa. Pili, macho hufuata njia za wanyama ziendazo majini, hasa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache. Tatu, tunatafuta dalili: matawi yaliyokatwa na kupangwa kama ua lenye mwanya mmoja, gome lililochubuliwa na waya, majivu ya matairi yaliyochomwa ili kutoa nyaya, na tai wanaozunguka. Nne, ukiona mtego mmoja usifurahi ukaondoka. Mara nyingi mingine iko jirani. Tano, kila waya huhesabiwa, huandikwa na kubebwa. Waya ulioachwa porini utaokotwa na kutegwa tena.

Akikutwa mnyama hai, hakuna kumsogelea. Anaitwa daktari wa mifugo na wanyamapori, naye humchoma sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, waya hukatwa, kidonda husafishwa, kisha hupewa dawa ya kumwamsha.

Kazi hii imepata mizizi Afrika Mashariki. Kenya, shirika la David Sheldrick lilianzisha vikosi vya kutegua mitego mwaka 1999, wakaanzia Tsavo. Kwetu, kikosi cha namna hiyo kilianza Serengeti mwaka 2017 kwa msaada wa Shirika la Wanyama la Frankfurt.

Sasa nifike kwenye swali ambalo vijana huniuliza pembeni, wala hawaliulizi hadharani: "Mjomba wangu anatega. Nifanye nini?"

Nalijibu hadharani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza uwindaji wa mitego. Mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyara za serikali, na nyama ya porini ni nyara. Mjomba wako akifungwa leo, mtoto wake wa darasa la kwanza atakuwa mtu mzima siku baba yake atakapotoka. Kwa hiyo mwendee mapema. Usiende peke yako kama mtoto wa kumkosoa mkubwa. Mtafute mzee anayemheshimu, mkae naye, mwelezeni hesabu hiyo ya miaka. Kama anatega kwa njaa, zungumzeni habari ya kuku, mbuzi, au kibarua katika mashamba ya zabibu. Akikataa, taarifa iende kwa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori. Simfundishi mtu kumficha mhalifu. Nawafundisha kumwahi ndugu kabla hajawa mfungwa.

Kuna watakaosema serikali inajali swala kuliko mtu. Malalamiko hayo nimeyasikia vijijini, na si ya kudharauliwa. Mwanakijiji ambaye tembo amekula mtama wake, na fidia hajaiona, ni vigumu kumhubiria. Sisi watumishi tunadaiwa kufika shambani kwake upesi kama tunavyofika kumkamata.

Mwisho, onyo. Msiende porini wenyewe kutegua mitego. Ukikutwa na waya mkononi utaonekana mtegaji, na aliyeutega akikukuta, hutakuwa na wa kukutetea. Ukiuona waya, kumbuka mahali, ondoka kimya, toa taarifa. Na anayeipenda kazi hii, asome baiolojia kwa bidii. Mweka na Sokoine vipo vinamngoja.