Dawa Iliyokwisha Kabla ya Mgonjwa Kupona



Mara nyingi tumemsikia mtu akinung'unika na kusema, "Nimetoa, na nilichotoa kimekwenda bure." Pengine alimpa jirani mbegu, na mvua isinyeshe; ama alimwuguza ndugu yake miezi mingi, na ndugu akafa. Hatumlaumu mtu huyo, maana uchungu wake ni wa kweli. Lakini leo twapenda kuwasimulia habari za wagonjwa wawili wa mji wa Oxford, katika nchi ya Uingereza, ambao walikufa mwaka 1941. Kila atazamaye mambo kwa juu juu atasema kwamba yote yaliyofanywa kwa ajili yao yalipotea.

Dawa yenyewe ni penisilini. Haikutoka katika mizizi wala majani, bali katika ukungu, wa jamii ya ule uotao juu ya mkate uliolala. Bwana Alexander Fleming wa London aliuona mwaka 1928 ukiwaua vijidudu vya ugonjwa katika kisahani chake, akaandika habari zake, kisha jambo likalala karibu miaka kumi. Walioliamsha ni wataalamu wa Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, na Norman Heatley, Mwingereza mpole mwenye mikono hodari. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane vijidudu vya kufisha, wakawapa dawa wanne tu. Kulipokucha, wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wale wengine wazima.

Siku zile vita vilikuwa vikali na vyombo haba. Ukungu ulipandwa katika makopo ya biskuti, na hata katika vyombo wanavyojisaidia wagonjwa kitandani. Maji mengi sana ya ukungu yalitoa unga kidogo tu. Na kwa kuwa walihofu adui asije akaingia nchini, walijipaka mbegu za ukungu ndani ya makoti yao, ili atakayeokoka aweze kuanza tena.

Basi panya si mtu. Ilipasa mtu wa kwanza achomwe sindano, ijulikane kama dawa ina sumu. Mwezi wa Januari 1941 walimwendea bibi mmoja aliyekuwa akifa kwa saratani. Hawakumficha neno: walimwambia kwamba dawa hii haitamponya wala kumwongezea siku. Alikubali. Akachomwa sindano, na baada ya muda akashikwa na homa na kutetemeka. Laiti hadithi ingeishia hapo, tungesema bibi yule aliongezewa mateso juu ya mateso yake. Lakini kwa homa ile wataalamu walitambua kwamba dawa ilikuwa na uchafu ndani yake; wakautafuta, wakautoa, na dawa ikawa safi. Bibi hakupata faida yo yote. Faida iliwaendea waliokuja nyuma yake.

Wa pili ni askari polisi, Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Watu walisimulia miaka mingi kwamba alichomwa na mwiba wa waridi; wengine husema aliumia katika shambulio la mabomu. Vyo vyote vilivyokuwa, vijidudu vilienea mwilini, usaha ukajaa kichwani na usoni, hata jicho moja likatolewa. Tarehe 12 Februari 1941 alianza kuchomwa penisilini. Siku ya pili hali yake ilikuwa nyingine: homa ilishuka, akataka chakula. Lakini akiba ilikuwa ndogo mno. Tena dawa hii hutoka upesi mwilini kwa njia ya mkojo; kwa hiyo mkojo wake ulikusanywa, ukapelekwa kwa baiskeli kwenye nyumba ya wataalamu, wakaitoa dawa ndani yake na kuirudisha kwake. Msicheke! Baada ya siku tano hapakusalia hata chembe. Ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi yule askari akafa.

Fikirini huzuni ya wale waliomtolea kazi yao yote ya miezi mingi. Hata hivyo kifo kile kiliwafunza mambo ambayo panya hawakuweza kuwafunza: kwamba dawa haimdhuru mtu hata akipewa siku kadhaa mfululizo, na kwamba haifai kuikatisha kabla vijidudu havijaisha. Kwa hiyo baadaye walichagua zaidi watoto, ambao dawa kidogo yawatosha, na wagonjwa kadhaa wakapona.

Chain alitaka wachukue hati ya kumiliki dawa ile. Wakubwa wa elimu ya uganga walikataa, wakiona si uungwana. Oxford haikuchukua hati. Mwaka ule ule wa 1941 Florey na Heatley walivuka bahari na ukungu wao, wakawaeleza Wamarekani yote waliyoyajua, na viwanda vya huko vikaanza kuitengeneza kwa wingi. Fleming, Florey na Chain walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1945. Heatley hakupewa. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1990, naye amekwisha kuwa mzee.

Na hapa kwetu? Wazee wanaukumbuka ugonjwa wa buba, uliowatoa watoto vidonda na kuwapotoa mifupa. Zamani matibabu yake yalikuwa sindano nyingi, za dawa kali, na wengi waliacha njiani. Kisha ikaja penisilini, na katika miaka ya 1950 sindano moja ilitosha. Mama aliondoka kijijini alfajiri na mtoto mgongoni, akapanga foleni, mtoto akalia kidogo. Jioni walikuwa nyumbani, na baada ya siku chache vidonda vikaanza kukauka. Hakuulizwa kama ajua habari za bibi wa Oxford.