Maisha ya Mwandishi katika Riwaya: Tatizo la Usuli Darasani



Waandaaji wa semina hii waliniomba nieleze namna maisha ya mwandishi yanavyojenga kazi yake ya kubuni. Fasili hazitatuchelewesha. Sote tunafundisha kuwa fasihi ni zao la jamii na kuwa mwandishi ni mwanajamii. Hilo halina mabishano.

Shida iko kwenye majibu ya mitihani, na nimepambana nayo tangu nianze kusahihisha. Mwanafunzi anataja mwandishi alizaliwa wapi, akasoma wapi, akafanya kazi gani. Halafu anahitimisha kuwa mhusika mkuu ndiye mwandishi mwenyewe. Mtoto huyu si mvivu. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo vinavyomwelekeza vijitabu vya uchambuzi anavyovikariri usiku wa kuamkia mtihani. Silengi kuwalaumu wanaosimamia mitaala; najua mzigo walio nao. Lakini jambo hili limesemwa katika vikao vingi na bado liko palepale.

Tumchukue Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akapita seminari ya Nyegezi, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka Rosa Mistika. Kijiji cha Rosa ni Namagondo, na jina la riwaya ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Kisiwa na Kanisa, basi, vimetoka moja kwa moja katika malezi yake. Lakini kiini cha riwaya ni binti aliyelelewa kwa kumwogopa baba, ambaye akifika mbali na macho ya baba huyo hajui ajilinde vipi. Kezilahabi hakuwahi kuwa binti. Aliyaona hayo katika jamii iliyomzunguka na akakataa kuyanyamazia, hata riwaya ikazuiwa shuleni kwa muda. Maisha yake yalimpa mahali pa kusimama na kutazama. Kilichotazamwa ni maisha ya wengine.

Mwaka 1974 akachapisha riwaya ya Kichwamaji. Msimulizi, Kazimoto, ni kijana wa chuo kikuu, na anasema "mimi". Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapozama, maana mwandishi naye alikuwa ametoka chuo kikuu juzi tu. Kazimoto anajiua. Kezilahabi alifundisha, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, akahamia Chuo Kikuu cha Botswana, na alifariki Januari 2020. Kukata tamaa kwa Kazimoto ni swali ambalo mwandishi alilipeleka mpaka mwisho wake kwenye karatasi, na huenda aliweza kulipeleka huko kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa Kazimoto.

Sasa tuvuke bahari hadi Unguja. Mwandishi Adam Shafi aliwekwa kizuizini baada ya Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Haini, riwaya inayotokana na mkasa huo, ilitoka mwaka 2003, miaka thelathini na moja baadaye, na ndani yake anayeteseka anaitwa Hamza. Aliyepitia jela hakusema "mimi". Kezilahabi, ambaye hakujiua, ndiye aliyesema "mimi". Mfano huu mmoja ungetosha kuifuta kanuni tunayowakaririsha watoto, kwamba mhusika mkuu ndiye mwandishi. Tena katika riwaya ya Kuli huyohuyo Adam Shafi anasimulia mgomo wa wapagazi wa bandarini wa mwaka 1948, wakati yeye alikuwa na miaka minane hivi. Huo ni uzoefu wa watu wazima waliomzunguka, nao umo kitabuni kwa uzito uleule. Alipotaka kusimulia safari zake za ujanani, aliandika Mbali na Nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, na mengine nimekwisha kuyagusa. Usuli wa mwandishi ufundishwe baada ya riwaya kusomwa, usiwe mlango wa kuingilia. Mwongozo wa kusahihisha usitoe alama kwa wasifu mtupu. Alama itolewe pale mwanafunzi anapoonyesha tukio gani la maisha limebadilishwa, na limebadilishwa vipi. Walimu waoanishe Kichwamaji na Haini, hata kama mojawapo haimo katika orodha ya vitabu teule, kwa kipindi kimoja tu. Wanafunzi waulizwe kila mara mwandishi alijuaje: kwa kupitia, kwa kuona, au kwa kusimuliwa? Vyuo viwatume wanafunzi kuwarekodi waandishi walio hai, kwa idhini yao, na kanda hizo zihifadhiwe maktaba badala ya kubaki kwenye simu za watafiti. Na narudia, kwa kuwa ndilo lililonileta: nafsi ya kwanza isihesabiwe kuwa ushahidi wa maisha ya mwandishi.

Mwenyekiti, maazimio ya semina zetu mara nyingi huishia kwenye majalada. Naomba pendekezo la mwongozo wa kusahihisha liandikwe katika maazimio ya leo, litajwe nani atalifuatilia, na lifike kwa watunga mitihani kabla ya usahihishaji ujao kuanza.