Aliyepigwa na Radi Hana Umeme Mwilini
Mazungumzo juu ya huduma ya kwanza katika nchi ya chai

Wenyeji wa Kimulot hawana haja ya kusimuliwa habari za radi. Nchi hii iliyopakana na msitu wa Mau hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na mara nyingi mvua hiyo huja alasiri, ikitanguliwa na ngurumo na kufuatwa na mawe. Wataalamu wa hali ya hewa wameviweka vilima vya Kericho na Nandi katika hesabu ya mahali panapopata mvua ya mawe mara nyingi kupita karibu sehemu zote za dunia. Mkulima hulia kwa ajili ya majani yaliyopasuka, na ana haki ya kulia. Lakini wingu lile lile laweza kuchukua kitu kisichochipuka tena baada ya majuma machache.

Yafaa kukumbuka jinsi shamba la chai lilivyo. Mchai hukatwa ili usipite kimo cha kiuno, na kwa hiyo mchumaji asimamaye katikati ya shamba ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Akikimbilia chini ya mkaratusi, amejipeleka mahali pabaya zaidi, maana radi ikipiga mti huweza kuruka kutoka shinani hata kwa mtu, au kumfikia kwa kupitia ardhini. Afadhali aingie katika nyumba iliyojengwa imara, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa, akae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Basi na tuseme radi imekwisha kupiga. Mtu amelala kati ya michai, kikapu chake kimepinduka, hasemi wala hapumui. Wenzake wafanye nini?

Mara nyingi hawafanyi neno. Wengine husema, amekwisha kufa. Wengine huogopa kumgusa, kwa kudhani kwamba umeme umebaki mwilini mwake, au kwa sababu nyingine walizozirithi kwa wazee, ambazo si kazi ya mazungumzo haya kuzidharau. Lakini habari ya umeme yaweza kuelezwa waziwazi. Radi hupita katika mwili kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, na ikiisha kupita haibaki. Aliyepigwa na radi aweza kuguswa wakati ule ule pasipo hatari yoyote itokayo kwake. (Sivyo ilivyo kwa mtu aliyenaswa na waya wa stima. Huyo asiguswe kabla stima haijakatwa, maana waya ungali unaleta umeme.)

Tena yako mambo ambayo watu wachache huyajua. Katika watu kumi waliopigwa na radi, kwa kadiri tisa huishi, ijapokuwa wengine hubaki na madhara. Anayekufa hufa kwa kuwa moyo wake na pumzi yake vimesimama papo hapo. Mara nyingi moyo, kwa kuwa una nguvu zake wenyewe za kujiendesha, huanza tena kupiga baada ya muda mfupi. Lakini sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua huwa bado imepigwa bumbuazi. Moyo unapiga, ila hewa haiingii, na kwa kukosa hewa moyo husimama mara ya pili. Hapo ndipo mtu huyo afapo kwa kukosa jirani wa kumpulizia pumzi kwa dakika chache.

Kwa sababu hiyo kanuni ya radi ni kinyume cha kanuni ya ajali nyingine. Katika ajali ya gari yenye majeruhi wengi na wasaidizi wachache, anayeonekana amekufa huachwa, na wenye dalili za uhai hutazamwa kwanza. Penye radi, anayelia, anayetetemeka au anayepumua kwa kawaida ataishi. Aliyenyamaza ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Tarehe 28 Juni, 2011, radi moja ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo katika Uganda, ikaua watoto 18 na mwalimu mmoja, na wengine wengi wakaumia. Siku kama hiyo, mwalimu asiyeijua kanuni hii atawakimbilia wenye kupiga kelele.

Sasa kazi yenyewe. Ikiwa ngurumo bado zinalia, mgonjwa huchukuliwa upesi mahali pa salama. Mwenye kusaidia humgusa bega na kumwita kwa sauti kubwa. Asipoitika, hutazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Ajihadhari na jambo moja: kutweta kwa nadra, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Wengi wameiona ile tweta wakasema, “Mwacheni, yu hai,” na kumbe ilikuwa ndiyo dalili ya moyo uliosimama. Mtu mwingine atumwe kupiga simu na kutafuta gari, naye aitwe kwa jina lake, maana penye wengi kila mtu hudhani mwenzake amekwisha kupiga.

Mgonjwa hulazwa chali juu ya ardhi ngumu. Msaidizi hupiga magoti ubavuni pake, akaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kiganja cha pili juu ya kile cha kwanza. Mikono ikiwa imenyooka, hukandamiza kwa uzito wa mabega yake mpaka kifua kibonyee sentimita 5 au kupita kidogo, bila kuzidi 6, kisha hukiachilia kiinuke chote. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Ni mwendo wa haraka kuliko watu wanavyodhani. Baada ya mara 30 huinamisha kichwa cha mgonjwa nyuma, akainua kidevu, akabana pua, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mgonjwa na kupuliza mara mbili, kila mara kwa kadiri ya sekunde moja, akitazama kifua kikiinuka. Kisha hurudi kifuani mara 30 nyingine. Kazi hii huchosha kuliko kulima, na mikono iliyochoka hukandamiza kidogo. Kwa hiyo wasaidizi wapokezane kila baada ya dakika mbili. Mbavu zikilia, wasiache. Mbavu huunga.

Kwa mtoto kina ni theluthi moja ya unene wa kifua chake. Mkono mmoja waweza kutosha, na kwa mtoto mchanga vidole gumba viwili. Mtoto aliyezama katika bwawa au katika mito iteremkayo kutoka Mau huanzwa kwa kupulizwa pumzi, si kwa kukandamizwa, maana kilichomwua ni ukosefu wa hewa. Ile desturi ya kumning’iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika zile ambazo ubongo wake unazihitaji. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Mtu asiyefundishwa, au anayeona vibaya kuweka kinywa chake juu ya kinywa cha mgeni, na akandamize kifua tu bila kuacha. Ni bora sana kuliko kusimama akitazama.

Huenda wazee waliopata kuwa Skauti au polisi zamani wakashangaa, kwa kuwa wao walifundishwa jambo jingine: kumlaza mtu kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumwinua viwiko. Njia hiyo ilitungwa na Mdenmark, Holger Nielsen, mwaka 1932, na ilifundishwa kotekote. Katika miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar walionyesha kwamba pumzi ya kinywa kwa kinywa huingiza hewa zaidi sana, na mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa mji wa Baltimore, Marekani, wakatangaza kwamba moyo waweza kusukumwa kwa mikono pasipo kupasua kifua. Mwaka ule ule Åsmund Lærdal wa Norway, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa sanamu ya mwanamke kwa ajili ya mazoezi. Na sanamu za namna hiyo hutumika mpaka leo. Pasipo na sanamu, gunia lililoshindiliwa sawasawa lafaa kwa kuzoeza mikono, ingawa halipulizwi.

Haifai kuuficha ukweli. Hata katika nchi zenye magari mengi ya wagonjwa, kati ya watu kumi ambao mioyo yao imesimama nje ya hospitali, ni kama mmoja tu arudiye nyumbani. Mioyo mingine haiendi tena bila mashine ya kuishtua, na mashine hiyo haitundikwi mlangoni mwa kituo cha kununulia majani. Barabara ya udongo ikinyesha hugeuka tope, na Tenwek, Litein au Kericho huwa mbali kuliko ramani inavyosema. Kwa hiyo haingekuwa haki kuwaahidi watu wa Kimulot kwamba mikono yao itamrudisha kila mzee aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo. Lakini aliyepigwa na radi, aliyezama, na aliyepaliwa na tonge la nyama huwa mara nyingi ni watu wenye mioyo mizima waliokosa hewa tu, na hao ndio ambao jirani aliyefundishwa anaweza kuwafaa kuliko daktari aliye mbali. (Aliyepaliwa asiyeweza kukohoa wala kusema hupigwa mgongoni kati ya mabega mara tano, isipotoka, hukumbatiwa kwa nyuma na kusukumwa tumbo kwa ndani na juu mara tano, na kurudia hivyo. Mtoto mchanga hasukumwi tumbo, bali kifua.)

Jikoni nako kuna vita vyake. Mafiga matatu chini, sufuria ya chai au ya maziwa inayochemka, na mtoto anayejifunza kutembea: hakuna nyumba isiyoijua hatari hiyo. Dawa ya kwanza ya kuungua ni maji safi ya baridi yakimiminwa kwa dakika 20 nzima, kwa saa au kwa kukadiria vizuri, maana dakika moja huonekana ndefu mtoto akilia. Nguo na shanga ziondolewe, isipokuwa kilichogandamana na ngozi. Kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Samadi, udongo, unga, mafuta ya kupikia na dawa ya meno visitiwe kabisa. Huleta uchafu, na nesi itambidi aviondoe kwa kumwumiza mtoto mara ya pili.

Aliyejikata kwa kisu cha kupogolea akandamizwe jeraha kwa kitambaa safi bila kufunuafunua. Aliyeumwa na nyoka atulie kama gogo, abebwe hospitalini. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Mwenye kifafa asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Zimebaki barabara. Tarehe 10 Oktoba, 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan, na tarehe 30 Juni, 2023, lori liliwavamia wachuuzi na magari katika njia panda ya Londiani. Kila mara walikufa zaidi ya watu 50. Katika ajali za namna hii wa kwanza kufika ni wauzaji wa viazi, waendesha bodaboda na abiria wa magari mengine. Wengi wao hudhani kwamba kumsaidia majeruhi ni kumtupa upesi katika gari la kwanza. La. Damu inayotoka kwa nguvu ikomeshwe kwanza. Asiyejitambua lakini anapumua alazwe kwa ubavu ili ulimi na matapishi visimzibe koo. Na anayeshukiwa kuvunjika shingo asivutwe kwa mikono, ila kama moto unamfuata. Nao wanaoogopa kwamba hospitali itamrudisha majeruhi asiye na fedha wajue kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma tu. St John Ambulance imefundisha katika Kenya tangu 1928, na Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, hufundisha pia. Simu yake ya dharura ni 1199. Sheria ya usalama kazini ya 2007 hudai sanduku la huduma ya kwanza katika mahali pa kazi. Sanduku lenye kufuli, ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa karani aliyekwenda Litein, si sanduku la huduma ya kwanza.

Kila kituo cha kununulia majani kingefaa kuwa na watu wawili waliofundishwa, mwanamume na mwanamke, na majina yao yakaandikwa ukutani pamoja na namba zao za simu. Tena wafanye mazoezi upya mara kwa mara, maana mikono husahau katika miezi michache tu. Januari na Februari, majani yanapokuwa haba kwa sababu ya kiangazi, nafasi hupatikana, na mvua kubwa za Machi pamoja na ngurumo zake huwa bado hazijaanza.