Kushtaki Si Kusengenya



Madiwani waliondoka 2013, wakaja wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti ya Busia. Lakini mama akifokewa ofisini alipofuata basari, bado twanyamaza tukihofia mtoto atanyimwa. Kisha baada ya futari twamsengenya mheshimiwa. Je, hiyo ndiyo funga?

Suratun-Nisaa, aya ya 148, imempa aliyedhulumiwa ruhusa ya kusema wazi. Suratul-Hujurat, aya ya 6, yatutaka tuhakikishe habari kwanza. Basi kijana, wewe mwenye kalamu, mwandikie mama: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, mashahidi. Usitie chumvi, wala usirudishe tusi. Tieni sahihi wengi, asiogope peke yake.

Pelekeni kwa Karani wa Bunge la Kaunti, mbaki na nakala yenye muhuri. Msiposikizwa, iko Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Katiba ya 2010, kifungu cha 75, yamkataza kiongozi kushusha hadhi ya cheo chake.

Allah atutakabalie saumu zetu, atuhifadhie ndimi zetu. Amin.