Vishale Viwili Juu ya Kioo

Msikilizaji wa Kibaha, nawe wa Kisarawe. Umenunua bando asubuhi. Hujafungua hata video moja. Mchana limekwisha! Kabla ya kumgombeza wakala, tazama juu ya kioo cha simu, karibu na alama ya 4G. Simu nyingi zina vishale viwili hapo. Kinachoelekea juu: simu inatuma. Kinachoelekea chini: inapokea.

Sasa funga programu zote. Weka simu mezani, hesabu polepole hadi sitini. Vishale vinawaka muda wote? Basi kuna programu inatumia data kimyakimya. Huenda ni picha na video zinazojihifadhi mtandaoni bila kukuuliza. Na video, jamani, ndizo walaji wakubwa.

Fungua Mipangilio. Tafuta Matumizi ya Data. Programu iliyo juu kabisa kwenye orodha ndiyo inayokula zaidi. Izuie kutumia data ya chinichini.

Usipuuze ujumbe wa mtandao wako. Tangu Aprili 2021, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayataka makampuni ya simu yakuarifu kifurushi kikishatumika robo tatu. Ukiupata, vitazame vishale. Vikiwaka bila kazi, zima data.